Mbwa Huyu ni wa Nani?

Anayetaka kuijua kazi ya afisa wa mbwa nchini Uingereza aje akae nami mezani asubuhi ya tarehe 6 Novemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu wamelipua fataki kukumbuka njama ya mwaka 1605, ile ya Guy Fawkes na wenzake waliotaka kulipua bunge. Mbwa wasiojua historia wameruka uzio, wamekata kamba, wamechomoka katikati ya miguu ya wenye nyumba mlango ulipofunguliwa. Kabla sijavua koti simu imeshalia. Huyu analia amepotelewa na mbwa. Yule ameokota mbwa na anataka aondolewe jikoni kwake kabla hajaenda kazini. Mara nyingine wote wawili wanasema habari za mnyama mmoja na nyumba zao zimeachana kwa mitaa miwili tu.

Napokea simu za halmashauri moja ya kaskazini mwa England, kwenye idara inayoshughulikia panya, kelele, taka zinazotupwa vichochoroni, na mbwa. Baadhi ya wenzangu huzikwepa simu za mbwa kwa sababu wapigaji wake wana jazba. Mimi ndizo ninazozipenda. Mwenye panya anataka panya afe, habari imekwisha. Mwenye mbwa, au aliyeumwa na mbwa, au aliyechoshwa na mbwa wa jirani, anakuja na ukoo mzima ndani ya simu: ndoa iliyovunjika, mpangaji aliyehama usiku, mtoto aliyeacha lango wazi, mama mkwe aliyesema tangu mwanzo kwamba mbwa mkubwa vile hafai kwenye nyumba ndogo.

Watu hudhani afisa wa mbwa kazi yake ni kukamata mbwa. Kukamata huchukua dakika chache. Saa zinazobaki anatafuta mtu. Ukiichunguza sheria ya hapa, kuanzia kola hadi faini, utaona kwamba haimshughulikii sana mbwa mwenyewe. Inamtafuta anayewajibika kwake. Akipatikana, mambo huisha kabla ya saa sita mchana. Asipotaka kupatikana, kila kitu kinakwama, fedha za umma zinaliwa siku baada ya siku, na mwisho wa yote anayelipia ni yule mwenye mkia.

Msingi wa haya yote ni Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990. Kifungu cha 149 kinaitaka kila halmashauri iteue afisa wa kushughulikia mbwa wanaozurura. Hapo hakuna hiari. Halmashauri inaweza kuzima taa za barabarani usiku wa manane ili kubana matumizi, lakini lazima awepo mtu mwenye dhamana ya mbwa. Sheria haijali anaitwa nani, na inamruhusu amkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Ndiyo maana utakuta halmashauri yenye kikosi kizima, nyingine yenye mtu mmoja ambaye pia anakagua taka, na nyingine iliyoikodisha kazi yote kwa kampuni binafsi.

Sisi tunaye mmoja. Ni mwanamama mfupi, mwenye sauti ya chini, anayetembea taratibu hata akiwa na haraka. Gari lake jeupe lina vizimba viwili nyuma, mablanketi, bakuli zito la maji lisilopinduka, glavu nene, fimbo ndefu yenye kitanzi mwishoni, na mfuko wa soseji zilizokatwa vipande. Fimbo huigusa mara chache sana. Soseji huishia njiani kila siku. Alinieleza kwamba mbwa aliyepotea ameshakimbizwa na watu wema kadhaa kabla yeye hajafika, kila mmoja akimwita kwa sauti na mikono imenyooshwa, na kwa hiyo anachokijua mbwa huyo ni kwamba mikono iliyonyooshwa ni ya kukimbiwa. Yeye hamwiti. Anakaa chini kwa ubavu, anatazama pembeni kana kwamba amekuja kupumzika, anatupa kipande cha soseji mbali, kingine karibu kidogo, kingine karibu zaidi. Kamba ameilaza mapajani, kitanzi kimefunguka. Mbwa anakuja kuchukua kipande cha mwisho na kichwa kinaingia chenyewe.

Nilimshuhudia hivyo siku ambayo hata sikuwa kazini. Kuna mzee mmoja wa Unguja anayeishi jirani na mimi, mtu wa swala tano, ambaye hunitafuta kila barua ya serikali inapomchanganya. Safari hii alipiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi wewe si ndiye wa mbwa wa serikali?"

"Mimi ni wa simu tu, mzee. Lakini wa mbwa ninaye. Kuna nini?"

"Uani kwangu kumeingia mbwa. Simfukuzi, simgusi, wala kutoka siwezi. Amelala pale pale njiani pa kupitia."

Afisa alipofika hakuingia. Alisimama nje ya lango akaomba ruhusa. Mzee akanigeukia: "Ananiomba mimi ruhusa ya kumtoa mbwa nisiyemtaka?" Ndivyo sheria ilivyo. Barabarani au kwenye bustani ya umma afisa humchukua mbwa anayezurura bila kumwuliza mtu. Kwenye eneo la mtu binafsi lazima mwenye eneo aridhie. Mzee aliridhia kwa mikono miwili. Mbwa mwenyewe alikuwa greyhound wa kijivu, mbavu zinahesabika, amejikunja chini ya kamba ya kuanikia nguo akitetemeka. Baada ya zile taratibu za soseji, afisa alimfunua sikio kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Greyhound waliosajiliwa kwa mbio huchorwa herufi masikioni, na huyu alikuwa nazo, wino wa kijani uliofifia. Kabla hajapandishwa garini tayari alikuwa na pa kuanzia kutafutiwa mwenyewe. Mzee alibaki akipamwagia maji pale mnyama alipolala, huku akiniuliza kama huko aendako atapewa chakula. Nikamwambia atapewa. "Basi vizuri," akasema. "Kiumbe yule, na njaa anayo."

Kwa mbwa wasio na herufi masikioni kuna kola. Amri ya Kudhibiti Mbwa ya mwaka 1992 inataka mbwa aliye barabarani au mahali pa umma avae kola yenye jina na anwani ya mwenye mbwa, ama kwenye kola yenyewe ama kwenye kibati. Wamesamehewa wachache, kama mbwa wanaochunga kondoo na ng'ombe au mbwa wa polisi wakiwa kazini. Jina la mbwa halitakiwi. Nambari ya simu nayo haitakiwi, jambo la ajabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayosaidia kuliko vyote. Vibati vingi ninavyosomewa kwenye simu ni kinyume cha sheria ilivyotaka: jina la mbwa kwa herufi za mapambo, moyo pembeni, basi. "Anaitwa Bella," mpigaji ananiambia kwa furaha, kana kwamba kazi imekwisha. Ahsante. Wa jina hilo tunao wengi.

Kisha kuna chipu. Tangu tarehe 6 Aprili 2016 kila mbwa wa England aliyepita umri wa wiki nane lazima awe nayo. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinadungwa chini ya ngozi katikati ya mabega, na hakina betri. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa nini tusimfuatilie mbwa wake kwenye ramani kwa kutumia chipu. Haiwezekani. Chipu haijui iko wapi. Inakaa kimya hadi mashine ya kusomea ipitishwe karibu nayo, ndipo inapotoa nambari yenye tarakimu 15. Hata kuisoma kwenyewe kunataka subira, kwa kuwa chipu nyingine huhama kadiri miaka inavyopita. Mwingine utamkuta nayo begani, mwingine imeteremka karibu na kiwiko. Afisa wetu hupitisha mashine polepole akizungukazunguka kuanzia shingoni, mabegani, chini ya mguu wa kushoto, wa kulia, na asipopata anarudia upya kabla ya kuandika kwamba mbwa hana kitu.

Nambari hiyo peke yake haisemi lolote. Jina, anwani na simu vimo kwenye hifadhidata, na hifadhidata si moja. Kuna kampuni kadhaa zinazokubaliwa na serikali, kila moja na wateja wake. Ukiingiza nambari kwenye moja itakuonyesha ni ipi inayoshikilia kumbukumbu, kisha unapiga huko, unajitambulisha, unasubiri muziki wa simu uishe, unapewa ulichotafuta. Au hupewi, kwa sababu kilichoandikwa kimepitwa na wakati.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapovunjika, na ningependa wanaofuga wapasome kwa makini. Chipu hudumu maisha yote ya mbwa. Nambari ya simu hudumu mpaka mtu abadilishe laini. Nimepiga nambari ya "mwenye mbwa" ikapokelewa na fundi bomba asiyewahi kufuga hata paka, ambaye alipewa nambari hiyo na kampuni ya simu baada ya mwenye nayo kuiacha. Nimezungumza na wafugaji waliouza kitoto cha mbwa zamani sana, na mpaka leo jina ni lao. Kanuni zinasema anayempokea mbwa ndiye anayepaswa kuhakikisha taarifa zake zimeingia, kama aliyemtoa hajafanya hivyo. Mbwa akikutwa hana chipu au taarifa si sahihi, mwenye mbwa hupewa notisi ya siku 21 kurekebisha, na akipuuza anaweza kutozwa faini ya hadi £500. Lakini iangalie notisi hiyo vizuri: ili umpe mtu lazima kwanza umjue. Asiyesajili taarifa zake ndiye yule yule usiyeweza kumfikishia barua ya kumwambia asajili.

Jina lisipopatikana mbwa anapelekwa mabandani, na hesabu inaanza. Ni siku saba kamili, bila kuhesabu siku aliyokamatwa. Mwenye mbwa akijulikana huandikiwa kwamba mnyama wake ameshikwa, yuko mahali fulani, na asipochukuliwa ndani ya siku saba kamili tangu notisi imfikie, gharama zikiwa zimelipwa, halmashauri inaweza kumtoa. Gharama zenyewe zinaanza na £25 iliyowekwa na kanuni za mwaka 1992. Juu yake zinakuja siku za banda, na daktari kama alihitajika. Mbwa haachiwi mpaka zote zilipwe.

Simu za kudai mbwa ndizo ngumu kuliko zote. "Kwa nini nilipe kumkomboa mbwa wangu mwenyewe?" Ninalo jibu la kiofisi: mtu mwingine amemlisha na kumlaza, na asiyefuga mbwa hapaswi kubeba gharama hizo kwenye kodi yake. Jibu hilo ni la kweli na ninalisema kila siku. Ninachofikiri ni kwamba ile £25 haimwumizi mtu. Kinachomwumiza ni hesabu ya kila siku. Mwenye nacho hufika kesho yake asubuhi, analipa kwa kadi, anaondoka. Asiye nacho anaomba muda hadi mshahara uingie, na muda huo huo unamwongezea deni. Leo anadaiwa kiasi, kesho zaidi, keshokutwa haendelei kupiga simu. Kwenye kumbukumbu zetu ataandikwa kwamba hakumtaka mbwa wake. Mimi niliyezungumza naye najua alimtaka. Ndiyo maana afisa wetu akipata jina na anwani akiwa bado njiani hampeleki mbwa mabandani hata kidogo, anampeleka nyumbani, na siku hiyo utamsikia akipiga mluzi kwenye korido.

Siku saba zikipita bila mtu kujitokeza, sheria inatoa njia tatu. Mbwa anaweza kuuzwa au kupewa mtu ambaye afisa anaamini atamtunza. Anaweza kuuzwa au kupewa kituo kinachopokea mbwa waliopotea. Au anaweza kuuawa kwa namna isiyomtesa. Na kuna katazo moja ambalo walioandika sheria hawakuliachia busara ya mtu: hawezi kutolewa kwa ajili ya majaribio ya maabara. Njia ya katikati ndiyo inayobeba wengi, na inawezekana tu kwa sababu ya vituo vya hisani ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu mwaka 1860, Mary Tealby alipofungua kimoja Holloway, London. Majirani walilalamikia kelele, na mwaka 1871 kikahamia Battersea, kilipo hadi leo.

Aliyempokea mbwa kutoka halmashauri kwa nia njema baada ya siku hizo ndiye mwenye mbwa kisheria. Niliwahi kuzungumza na mtu aliyerudi safarini akakuta mbwa hayupo. Alimwachia nduguye, mbwa akatoroka, na ndugu kwa woga akanyamaza akitumaini atarudi mwenyewe. Mbwa alikuwa ameshapata nyumba nyingine. Habari za mbwa huyo zilikuwa kwenye daftari letu, maana afisa analazimika kuandika kila mbwa anayemshika, na daftari hilo mtu yeyote anaweza kuja kulitazama bila malipo. Alikuja akalitazama. Hatukuwa na la kumpa zaidi ya hilo.

Wanaookota mbwa nao wana sheria yao, na wengi hawaijui. Ukimshika mbwa aliyepotea lazima umrudishe kwa mwenyewe bila kuchelewa au umtaarifu afisa wa halmashauri. Kukaa naye kimya ni kosa. Ukitaka kubaki naye unaweza kukubaliwa, lakini utatakiwa umtunze kwa siku zisizopungua 28. Kuna watu wema kabisa ambao wamevunja sheria hii kwa huruma tu. Wanaogopa kwamba halmashauri "itamuua", wanamweka picha mtandaoni, anajitokeza mtu anayesema ni wake, wanamkabidhi. Afisa angemwuliza mtu huyo alete uthibitisho: picha za zamani, karatasi za daktari, alama iliyofichwa chini ya manyoya. Mtandaoni anayewahi ndiye mwenye mbwa.

Usiku ni mateso yake peke yake. Zamani mbwa aliyeokotwa angeweza kupelekwa kituo cha polisi saa yoyote. Tangu tarehe 6 Aprili 2008 wajibu huo umeondolewa kwa polisi wa England na Wales na kuachiwa halmashauri peke yao, na halmashauri hufunga ofisi jioni. Kinachotakiwa ni pawepo, inapowezekana, mahali pa kumpokea mbwa nje ya saa za kazi. Neno hilo "inapowezekana" linabeba mzigo mkubwa. Mahali penyewe panaweza kuwa banda la nje ya mji, na mwokotaji hana gari. Mtu kama huyo akipiga asubuhi huwa hana hamu tena ya kuwa raia mwema.

Kuhusu vinyesi sina mengi. Tangu mwaka 2014 halmashauri zinaweza kuweka amri kwenye maeneo yao ya umma: okota kinyesi cha mbwa wako, mfunge kamba uwanja wa watoto, usimwingize makaburini. Anayekiuka hupewa faini ya papo hapo isiyozidi £100, na akienda mahakamani inaweza kufika £1,000. Ugumu ni kumkuta mtu akitenda. Wapigaji wangu wanajua ni mbwa wa nani, saa ngapi, mti gani, lakini ukiwauliza kama wako tayari kutoa ushahidi kwa maandishi, jirani anakuwa jirani tena.

Wanaoumwa na mbwa ni habari nyingine. Dada mmoja aliyetoka Mombasa alinipigia akitetemeka kwa sababu mwanawe alikwaruzwa na jino la mbwa, na la kwanza aliloniuliza lilikuwa kichaa cha mbwa. Aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini. Nilimwambia amwoshe mtoto kidonda kwa maji mengi na sabuni, ampeleke kwa daktari, lakini kwa mbwa wa hapa asiyewahi kutoka nje ya nchi hofu hiyo aipunguze. Uingereza iliufuta ugonjwa huo kwa mbwa mwaka 1902, baada ya Walter Long, aliyekuwa mkuu wa bodi ya kilimo, kulazimisha kuanzia mwaka 1897 mbwa wa maeneo mengi wavalishwe vifunga mdomo. Wafugaji walimchukia. Mwaka 1918 ugonjwa ukarudi na mbwa walioingizwa kwa magendo na askari waliotoka vitani, ukafutwa tena mwaka 1922. Kwa miaka mingi baadaye kila mbwa aliyeingia alifungiwa karantini ya miezi sita, hadi utaratibu wa chanjo na hati za safari ulipoanza mwaka 2000.

Mbwa anayeuma, au hata anayemfanya mtu aogope kwa sababu za msingi kwamba ataumwa, yumo kwenye Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991. Ilipitishwa haraka haraka wakati Kenneth Baker akiwa waziri wa mambo ya ndani, na wengi hudhani inahusu aina za mbwa tu. Kifungu cha tatu kinamhusu mbwa yeyote, hata yule mdogo wa kubebwa kwapani, na tangu mwaka 2014 hakiishii barabarani; kinaingia hadi sebuleni kwako. Mbwa akisababisha kifo, mwenye mbwa anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Orodha ya aina zilizopigwa marufuku ilianza na nne, pit bull terrier akiwa anayejulikana zaidi, kisha akaongezwa XL Bully. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ikawa kosa kumwuza, kumzalisha, kumgawa au kumtelekeza, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kuwa naye England au Wales bila cheti cha msamaha ni kosa. Cheti kiliombwa kwa £92.40, pamoja na bima, chipu, kuhasiwa, na kifunga mdomo na kamba kila atokapo. Aina yenyewe haiamuliwi kwa vinasaba. Inaamuliwa kwa macho na kwa futi ya kupimia: dume mwenye kimo cha sentimita 51 na zaidi begani, jike 48, kisha umbo la kichwa, kifua na miguu.

Sina ubishi na anayeogopa mbwa wa ukubwa ule; nimepokea simu za waliowaona wakishambulia. Ninachokiona mezani kwangu ni kwamba sheria hii iliwapa wenye mbwa sababu mpya ya kujificha. XL Bully aliyeokotwa akizurura anapewa siku zake saba kama wengine. Aliye mwenye mbwa na hana cheti hawezi kuja kumdai bila kujitaja mwenyewe kuwa ametenda kosa. Kwa hiyo haji. Na kwa kuwa mbwa wa aina iliyopigwa marufuku haruhusiwi kupewa mtu mwingine, hata kituo cha hisani hakiwezi kumpokea na kumtafutia nyumba. Zile njia tatu zinabaki moja. Nimemsikia afisa wetu akipima kimo mara ya pili, na ya tatu, akitumaini kukosea sentimita mbili. Mbwa mwenyewe alikuwa amemwegemea gotini.

Kila panapotokea shambulio watu hudai leseni ya mbwa irudishwe. Ilikuwapo, ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ikiwa imeshuka thamani hadi pensi 37, na gharama ya kuikusanya ilizidi mapato. Ireland ya Kaskazini wangali nayo, £12.50 kwa mwaka, au £5 kwa mbwa aliyehasiwa. Siipingi, ila najua ni nani angelipa: ni yule ambaye kibati chake kina anwani, chipu yake ina simu inayopokelewa, na ambaye mbwa wake akipotea mimi humaliza naye kwa dakika tano. Leseni haimfikii aliyemnunua mbwa kwenye maegesho ya magari kutoka kwa mtu asiyemjua jina.

Ningepewa nafasi ningegusa pale pale mauzo yanapofanyika. Gari likiuzwa nchini hapa, muuzaji anaitaarifu serikali nani amelichukua, la sivyo faini za gari zinaendelea kumjia yeye. Mbwa akiuzwa, muuzaji anapokea fedha na kuondoka, na wajibu wa kubadilisha jina umemwangukia mnunuzi ambaye pengine hajawahi kusikia kwamba upo. Wageuze. Jina libaki la muuzaji, pamoja na gharama za banda na notisi zote, mpaka yeye mwenyewe alibadilishe. Wafugaji watanuna. Lakini nambari nitakayoipiga itapokelewa na mtu anayemjua mbwa huyo, hata kama ni kwa kunitukana.